Maharagi yanaoza mizizi: kwa nini mbegu moja inasimama na ingine inalala?

Uliotesha maharagi mwezi wa kenda. Mvua ilikuja vizuri, yote yakamea. Juma la tatu, majani ya chini yanaanza kuwa manjano. Juma la tano, nusu ya shamba imelala. Jirani moja anasema ni jua, mwingine anasema ni uchawi. Na ile mbegu ulikopa kwenye soko, deni lake linabaki.

Kabla ya kushitaki mtu, ng'oa mche moja na uangalie chini.

Kama mzizi umekuwa laini, sawa vile umepikwa, na ngozi yake inatoka ukivuta, mara nyingi ni Pitiumu. Kama unaona michirizi ya rangi ya matofali kwenye mzizi mkubwa, kisha mzizi unakauka, mara nyingi ni Fuzariumu. Ukipasua shina pale chini ukapata vidudu vyeupe ao makoko ya kahawia, ile ni inzi ya maharagi, shida ingine kabisa. Lakini vile vidonge vidogo vya duara, vyenye kutoka kirahisi na kuwa pinki ndani, usiviogope: si ugonjwa, njo vyenye kulisha haragi azoti.

Adui anaishi kwenye udongo

Pitiumu inapenda udongo wenye maji mengi na baridi. Vijidudu vyake vinaogelea ndani ya maji mpaka kwenye mzizi. Fuzariumu yenyewe inaweza kulala kwenye udongo miaka mingi, kisha inaamka mzizi wa haragi ukikaribia. Ndiyo maana dawa ya kupakaa mbegu inasaidia majuma machache tu: mbegu inalindwa, lakini udongo unabaki na ugonjwa.

Miaka ya 1990, ugonjwa huu uliharibu sana maharagi ya Rwanda, ya kusini-magaribi ya Uganda na ya magaribi ya Kenya, nchi za milima sawa zetu. Sababu tunaijua hata hapa: watu wengi, shamba dogo, maharagi juu ya maharagi kila saizoni, udongo hauna nafasi ya kupumuzika. Udongo ukichoka, mumea nao unakuwa zaifu, na ugonjwa unapata njia.

Namna watafiti wanatafuta mbegu yenye nguvu

Wanachukua udongo wenye ugonjwa, ao wanakomalisha kuvu kwenye mbegu za mtama na kuzichanganya na udongo. Wanaotesha aina nyingi mule. Baada ya majuma machache wanang'oa, wanaosha mizizi, na kuipa alama kuanzia 1 mpaka 9: 1 ni mzizi mzima, 9 ni mzizi umekufa. Zenye kufaulu zinakuwa wazazi.

Mzazi moja mwenye kujulikana sana ni RWR 719, kutoka Rwanda, mwenye kushinda Pitiumu. Mwingine, MLB-49-89A, ametoka hapa Congo, na huko Uganda wamemutumia juu ya kuzalisha maharagi yenye kuvumilia Fuzariumu. Kwa Pitiumu kazi ni nyepesi kidogo, kwani nguvu ya RWR 719 inatoka kwenye urizi moja mkubwa. Kwa Fuzariumu, nguvu inatoka kwenye urizi nyingi ndogo-ndogo, na kuzikusanya zote kunaomba miaka.

Kuna kizuizi kingine: soko. Nguvu ya kushinda ugonjwa inapatikana zaidi kwenye maharagi ya punje ndogo, lakini mama mwenye kuuza anajua wateja wanataka punje kubwa. Kwa hiyo watafiti wanazalisha ndogo na kubwa, kisha wanarudilia kuzalisha watoto na ile kubwa, huku wakipima kila kizazi kwenye udongo mbaya. Mbegu yenye nguvu lakini isiyonunuliwa haisaidii nyumba.

Mizizi yenyewe inapigana

Haragi lingine linaumwa lakini halikufi. Mzizi wa chini ukioza, linatoa mizizi mipya juu yake, kwenye shina karibu na uso wa udongo. Ile mizizi mipya inaendelea kunywesha mumea. Hii ni tabia watafiti wanaichagua, na mulimaji anaweza kuisaidia: wakati wa kupalia, inulia udongo kwenye shina ili mizizi ile ipate mahali pa kuingia.

Aina fulani za maharagi yenye kupanda juu ya vijiti, sawa Umubano, zilisambazwa Rwanda kuanzia miaka ya 1980, na zilionekana kusimama vizuri mbele ya ugonjwa huu.

Saizoni hii, fanya nini?

Pale maji yanakaa, otesha juu ya matuta. Tia mbolea ya nyama ao majani mabichi yenye kuoza ndani ya udongo. Badilisha na mahindi ao viazi. Hiyo haimalizi ugonjwa, lakini inaupunguza.

Tena, shamba likilala, usingoe yote kwa hasira. Mara nyingi kuna miche michache yenye kubaki imesimama katikati ya iliyokufa. Ifunge kamba. Vuna maganda yake peke yake, yasiyo na madoa. Saizoni yenye kufuata, otesha punje zile pale pale pabaya, kando ya mbegu yako ya kawaida. Mche moja unaweza kupona kwa bahati. Lakini zikisimama mara mbili ao tatu, basi uko na mbegu ya kuonyesha agronomu na ya kugawanya na jirani.