Jiwe la figo linavunjwaje bila kisu? Jibu liko kwenye duaradufu

Februari 1980, madaktari mjini Munich, Ujerumani, walivunja jiwe la figo la mgonjwa bila kumpasua. Ilikuwa mara ya kwanza. Mawimbi ya mshtuko yalitokea nje ya mwili, yakapita kwenye maji na nyama, yakakutana kwenye jiwe.

Yalijuaje pa kwenda? Siri ni bakuli la chuma la mashine ile, lenye umbo la nusu ya duaradufu.

Duaradufu ni nini?

Pigilia misumari miwili kwenye ubao, A na B. Funga ncha za uzi uliolegea kwenye misumari hiyo, ukaze uzi kwa penseli, kisha zungusha. Umepata duaradufu. A na B zinaitwa fokasi.

Popote penseli ilipo, umbali wake kutoka A ukijumlisha na umbali wake kutoka B ni uleule: urefu wa uzi.

Uthibitisho wenyewe

Chagua nukta P kwenye duaradufu. Chora tanjenti, yaani mstari unaoigusa duaradufu hapo P tu. Nukta nyingine zote za tanjenti ziko nje, uzi hauzifikii. Kwa hiyo ukitoka A, ukagusa tanjenti, ukaenda B, njia fupi kuliko zote inapita P.

Sasa chukulia tanjenti ni kioo. Taswira ya B nyuma ya kioo iite C. Kila nukta ya kioo iko umbali sawa kutoka B na C. Basi njia fupi ya kwenda B kwa kugusa kioo ina urefu sawa na njia fupi ya kwenda C, nayo ni mstari mnyoofu. Ina maana A, P na C zimenyooka. Hivyo pembe ya AP na tanjenti ni sawa na pembe ya PB na tanjenti.

Faida kwa mgonjwa

Wimbi likigonga ukuta, huruka kwa pembe ileile liliyoingia nayo. Kwa hiyo linalotoka A na kugonga bakuli lazima lipite B. Na kwa kuwa njia zote zina urefu mmoja, mawimbi hayo hufika kwa pamoja.

Kwenye mashine ile cheche ya umeme ilipigwa A, jiwe likawekwa B. Ndiyo maana mgonjwa alipangwa kwanza kwa msaada wa eksirei: jiwe likikaa kando ya B, kishindo kinaishia kwenye nyama, jiwe linabaki zima.