"Baba, simamisha gari": Wasiwasi wa mtihani ulipoingia nyumbani kwangu

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuko njiani kwenda shule, hapa Muscat. "Baba, simamisha gari," kijana wangu akaniambia. Nikaegesha pembeni. Akafungua mlango, akatapika maji matupu, maana hakuwa amekula kitu. Yuko darasa la 12, na siku hiyo walikuwa na jaribio la fizikia. Jaribio tu, si mtihani wenyewe.

Nikamwambia neno ambalo mpaka leo nalijutia: "Mwanamume gani wewe, unaogopa karatasi?"

Hakunijibu. Akajifuta mdomo, akafunga mlango.

Wazazi tulioko Oman tunaujua uzito wa mwaka huu. Alama za diploma ya elimu ya jumla ndizo zinazoamua mtoto atapata nafasi gani ya chuo, na somo gani. Asilimia moja au mbili zinaweza kumtoa kwenye udaktari zikampeleka pengine. Kwa hiyo hofu ya watoto wetu ina sababu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Bibi yake alisema ni jicho, asomewe. Tukamsomea, na wala hakuna ubaya. Mama yake alisema ni chakula cha nje. Daktari wa kituo cha afya akampima, akaona tumbo ni zima, kisha akamuuliza jambo ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza: "Unalala saa ngapi?"

"Saa nane usiku." Na kabla ya hapo vikombe vitatu vinne vya karak.

Daktari akatueleza taratibu. Mtu akihisi hatari, mwili humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, mikono hupoa, tumbo husimamisha kazi yake. Mwili hautofautishi sana kati ya simba na karatasi ya fizikia. Wasiwasi kidogo una faida, humwamsha mtu akasoma. Ukizidi, hata alichokihifadhi hakiji. Ndiyo maana mtoto hutoka chumba cha mtihani, akafika nje ya mlango, majibu yote yakamrudia.

Na ile chai? Kafeini ikishaingia mwilini, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo. Anayekunywa saa nne usiku asitegemee usingizi mzuri, na usingizi ndio unaoyakaza kichwani yale aliyosoma mchana.

Usiku ule nikaenda chumbani kwake, nikakaa kitandani. Nikamuomba radhi kwa maneno yangu ya asubuhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, nikipata 85, utawaambia nini ami zangu?"

Jamani, nilikosa jibu. Mwaka jana binamu yake alipopata 97, mimi mwenyewe niliandika kwenye grupu la familia la WhatsApp: "Na sisi mwakani, inshallah." Niliona nimeandika dua. Yeye aliisoma kama deni.

Tukabadilisha mambo machache tu. Karak mwisho alasiri. Simu inalala sebuleni, yangu pia. Saa tano taa zinazimwa. Badala ya kusoma ukurasa uleule mara kumi, anafunga kitabu na kujiuliza maswali, kwani kujikumbusha bila kuangalia hushika zaidi kuliko kurudia kusoma. Jioni anatembea nusu saa, mara nyingi na mimi. Na wasiwasi ukimpanda, anavuta pumzi kwa hesabu ya nne, anaitoa taratibu kwa hesabu ya sita, mara kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo.

Kwenye grupu nikaandika kwamba mwaka huu tusiulizane alama. Wapo walionuna. Dada yangu akanipigia pembeni, akasema hata wake analia usiku.

Mzazi mwenzangu, ukiona mtoto halali, hali, anajitenga na watu, na hali hiyo inapita wiki mbili, usingoje mitihani iishe. Zungumza na mshauri wa wanafunzi shuleni au mpeleke kwa daktari. Akikwambia anatamani asingekuwepo duniani, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Hiyo si aibu ya ukoo.

Siku ya mtihani wa fizikia, njia ileile, akasema tena: "Baba, simamisha gari." Nikasimamisha. Mikono yake ilikuwa baridi. Hatukuzungumza. Tukavuta pumzi pamoja, nne, sita, nne, sita. Baada ya dakika mbili hivi akasema, "Haya, twende."

Matokeo yametoka. Amenikataza kuyaandika hapa, nami nimemtii.