Magaga: Jiwe Peke Yake Haliponyi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini kisigino hupasuka. Unyayo hauna tezi za mafuta kama zile za usoni, kwa hiyo ulaini wake hutegemea maji yaliyomo ndani ya ngozi yenyewe. Huku Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga upo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi na upepo mkavu wa kiangazi huyanyonya maji hayo kuanzia Mei. Ngozi ikishakakamaa, mtu anapokanyaga na kisigino kikatanuka, yenyewe huchanika.

Sasa tiba. Wengi wetu, hapa Msanzi na kwingineko Ufipa, hukimbilia jiwe na kusugua mpaka kisigino kiwake moto. Hilo ni kosa. Ngozi inayosumbuliwa hujihami kwa kuota sugu nene zaidi, na baada ya muda magaga hurudi yakiwa mabaya kuliko mwanzo. Wembe ndio hatari kabisa: ukikata kidogo kupita kiasi umejifungulia mlango wa vijidudu, pepopunda ikiwemo, kwa mtu ashindaye shambani.

Kinachoponya ni mafuta, tena yapakwe kwa wakati wake. Jioni ukitoka shamba, loweka miguu dakika kumi au kumi na tano katika maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana hukausha. Pitisha jiwe taratibu, mara mbili tatu kwa wiki zinatosha. Futa maji, hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta ya mgando visiginoni papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili unyevu huo ufungiwe ndani. Vaa soksi safi za pamba ulale nazo. Mafuta ya alizeti, zao tunalolima wenyewe, nayo husaidia. Madukani zipo krimu zenye yurea ambazo hulainisha sugu vizuri sana. Lakini tafadhali, mkulima mwenzangu, mbolea ya yurea iliyo stoo si dawa ya ngozi, usijaribu kuikoroga.

Fanya hivyo kila usiku kwa majuma kadhaa. Anayepaka siku mbili akaacha hatapona. Mchana, kiatu kinachofunika kisigino ni bora kuliko kandambili.

Si kila kisigino kilichopasuka ni magaga ya ukavu. Kama kinawasha na ngozi inabanduka katikati ya vidole, huenda ni fangasi, na mafuta pekee hayatoshi. Funza nao huharibu visigino. Viroboto hao waliingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamefika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ukiona kivimbe chenye kidoa cheusi katikati, usikichokoe kwa pini iliyotumiwa na mwingine, nenda zahanati.

Neno la mwisho ni kwa wenye kisukari. Ugonjwa huo huua hisia za miguu, na ufa unaweza kuoza bila maumivu. Ninyi msiloweke miguu, wala msisugue kwa jiwe. Kagueni nyayo zenu kila jioni, na mkiona ufa, damu au usaha, nendeni kituo cha afya kesho yake asubuhi.