Sauti ya Kiongozi Isimezwe: Matumizi ya Otomesheni katika Uhariri wa Nyimbo za Kimaasai

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetoka Kitengela kwenda maeneo ya ndani ya Kajiado kurekodi nyimbo za Wamaasai aghalabu hurudi na data yenye kasoro. Kiongozi husikika vyema mwanzoni, kisha humezwa na kundi. Lori hunguruma katika Barabara ya Namanga na kufunika ubeti mzima. Makala haya yanaeleza jinsi otomesheni katika programu za muziki inavyoweza kurekebisha kasoro hizi. Hoja yetu ni kwamba otomesheni hufaa pale tu inapotii mpangilio wa wimbo wenyewe.

Muundo wa wimbo na chanzo cha tatizo

Nyimbo nyingi za Kimaasai huongozwa na mtu aitwaye olaranyani. Yeye huanzisha wimbo kwa kuutaja, kundi humwitikia kwa pamoja, kisha huimba beti zake juu ya mvumo wa koo za wenzake. Waimbaji husukuma vichwa mbele wanapotoa pumzi na kuvirudisha nyuma wanapoivuta. Mwendo huo ni sehemu ya utendaji, lakini hubadilisha umbali kati ya mdomo na maikrofoni. Mahali pa wazi, umbali huo ukiongezeka kutoka sentimita 20 hadi 40, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Kwa hiyo, hakuna kiwango kimoja cha sauti kinachoweza kuufaa wimbo mzima.

Otomesheni ni nini?

Zamani mafundi wa studio walisogeza vitelezi vya sauti kwa mikono wimbo ukiendelea, na pengine watu kadhaa waliinamia meza moja. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitengeneza NECAM, mfumo uliotumia kompyuta kukumbuka miendo ya vitelezi na kuirudia. Leo uwezo huo umo katika programu kama Pro Tools, Reaper na FL Studio. Mabadiliko huonekana kama mstari uliochorwa sambamba na sauti, wenye nukta ambazo mhariri huzipandisha au kuzishusha.

Mstari huo huweza kuchorwa kwa kipanya au kurekodiwa kwa kusogeza kitelezi. Programu nyingi zina hali kadhaa za kurekodi. Katika hali ya kuandika, kila kilichokuwapo hufutwa na kuandikwa upya. Katika hali ya kugusa, mabadiliko hurekodiwa wakati kitelezi kimeshikwa tu, kisha kiwango cha awali hurejea. Katika hali ya kushikilia, kiwango cha mwisho hudumu hata baada ya kuachilia. Anayeanza atumie hali ya kugusa, kwani makosa yake hayaenei mbali.

Utaratibu wa kazi

Kwanza, rekodi kwa maikrofoni mbili: moja karibu na olaranyani, nyingine mbele ya kundi. Sauti zote zikiwa katika mkondo mmoja, kumpandisha kiongozi ni kulipandisha kundi pia.

Pili, pata uwiano wa jumla kabla ya kuchora mstari wowote. Kitelezi chenye otomesheni kikisogezwa baadaye kwa mkono, hurudi kwenye mstari wake mara wimbo unapochezwa.

Tatu, tia nukta panapobadilika zamu. Mara nyingi desibeli 1 au 2 zatosha. Msikilizaji akiutambua mkono wa mhariri, umezidi.

Nne, zingatia nafasi ya kompresa, yaani kifaa kinachobana sauti zinazozidi kiwango fulani. Ukipandisha sauti kabla haijafika kwenye kompresa, huenda kifaa hicho kikaibana tena na kuipunguza kazi yako. Kitelezi cha mkondo kwa kawaida hufanya kazi baada ya kompresa, hivyo mabadiliko yake hubaki.

Tano, usifikiri kwamba otomesheni ni ya ukubwa wa sauti pekee. Kichujio cha sauti nzito chaweza kupunguza ngurumo ya lori. Kikiachwa wazi wimbo mzima, hata hivyo, kitaondoa uzito wa mvumo wa kundi. Kiamuru kifanye kazi lori linapopita tu.

Tahadhari

Mhariri asiyejua Kimaa anaweza kudhani mwito fulani ni kelele na kuushusha, kumbe ndio kiini cha ubeti. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hata hivyo, mwanafunzi hana ruhusa ya kubaki katika hali hiyo. Aketi na mwenye wimbo, amuulize ni neno gani lisipotee. Vilevile, ahifadhi rekodi asilia bila kuigusa, na aeleze katika ripoti yake alichokibadilisha. Mtafiti wa baadaye akipewa nakala iliyohaririwa pekee, atachambua uwiano wa mhariri akidhani ni wa waimbaji.

Hitimisho

Otomesheni hukumbuka uamuzi wa mhariri. Haiamui kwa niaba yake. Katika ukusanyaji wa fasihi simulizi, uamuzi wa nani asikike na lini ni sehemu ya uchambuzi wenyewe. Yafaa basi mwanafunzi aujue wimbo kabla ya kuigusa programu.