Kabla hujalaumu mtandao, angalia kichwa cha waya

Mtandao ukigoma huku Ihembe, wote tunasema "Dar kumeharibika." Kweli Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, nchi ikahangaika. Ila mara nyingi ubovu uko chini ya meza, na hela yako ya saa nzima inaliwa hapo.

Waya wa netiweki una nyuzi 8, zimesokotwa mbilimbili ili zisiingiliane. Kwenye kichwa cha RJ45, namba 3 na 6 lazima zitoke jozi moja: kijani-nyeupe, halafu kijani. Fundi akipanga jozi kwa kufuatana tu (3 na 4), taa inawaka vizuri, lakini waya ukiwa mrefu spidi ni ya konokono! Mwambieni akate kichwa, abane upya.