Bima ya madhara kwa wengine: tuchukue ya kiasi gani?



Katika mikutano yetu ya Gitega na Muyinga tumeulizwa: mfanyakazi mwenye baiskeli, mbuzi wawili na watoto wadogo, achukue bima (wengine huiita asiransi) ya kulipia madhara anayowafanyia wengine? Na ya kiasi gani?

Chimbuko la sheria yetu ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyoletwa na Wabelgiji kutoka Kongo. Anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake, sharti alipe. Mzazi hulipia kosa la mtoto wake mdogo, na mwenye mnyama hulipia mnyama wake.

Wengi husema: "Nyumba yangu ni ndogo, bima ndogo yatosha." Hapo ndipo wanapokosea. Hasara hupimwa kwa mwili na mali ya aliyeumizwa. Tuseme baiskeli yenye mikungu ya ndizi inateremka mlima (na baiskeli hizo, twazijua sote, breki yake ni kiatu cha mwendeshaji), ikamvunja mguu fundi mwashi. Akifanya kazi siku 6 kwa juma, naye akakaa nyumbani majuma 13, hizo ni siku 78 za mshahara. Bado hospitali, dawa, na mtu wa kumpelekea chakula. Akibaki kilema, tutahesabu miaka. Na asiye na mali haponi, kwa kuwa mahakama yaweza kuamuru sehemu ya mshahara wake ikatwe kila mwezi.

Basi hesabu kwanza hasara kubwa kabisa ambayo nyumba yako yaweza kuleta, na bima iikaribie hiyo. Mbuzi akila mahindi ya jirani, hayo ni ya mfuko wako na Bashingantahe wa mlimani.

Pikipiki na gari bima yake ni lazima kwa sheria. Ajali ya kazini ni ya INSS, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukuandikisha.

Ukienda SOCABU au kampuni nyingine, uliza: ajali moja watalipa mwisho kiasi gani? Wewe utatoa ngapi kwanza? Mwenzi wako na watoto wamo? Baiskeli na mifugo je? Hati huandikwa kwa Kifaransa. Usipoelewa neno, ilete kwa mjumbe wa chama kabla ya kutia sahihi.