Chumvi kwa Samaki Aliye Hai

Katika soko la Arua, chumvi na samaki hukutana baada ya kifo. Angara wa Ziwa Albert na wa Nile hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha huuzwa kwa watu wanaomthamini kuliko nyama. Wengi wetu huku West Nile, Uganda, tumekua na harufu hiyo jikoni. Wachache ndio wanaojua kwamba chumvi hiyohiyo, ikipimwa vizuri, inaweza kumwokoa samaki ambaye bado anapumua.

Tuseme ni alfajiri huko Omugo, katika wilaya ya Terego iliyokuwa sehemu ya Arua hadi 2020. Mama mmoja ameshuka bondeni kuangalia bwawa lake la mita 10 kwa 20. Ngege mmoja, samaki ambaye ndugu zetu wa Mwanza humwita sato, anaogelea kiubavuubavu karibu na ukingo. Magamba yamemtoka ubavuni, pamebaki jeraha lenye ukubwa wa sarafu, na juu ya jeraha kumeota kitu cheupe kama pamba.

“Mama, tumpike tu,” anasema mwanawe.

Mama hataki. Anataka kujua kama samaki huyu anaponyeka, na swali lake linastahili jibu la kweli.

Jibu linaanzia kwenye damu. Lita moja ya damu ya ngege ina chumvi ya takriban gramu 8 au 9, na maji ya bwawa karibu hayana chumvi kabisa. Kwa kawaida maji hufuata upande wenye chumvi nyingi, kwa hiyo usiku na mchana maji ya bwawa yanapenya ndani ya samaki kupitia matamvua, na chumvi yake inavujia nje. Samaki mzima hulimudu jambo hilo. Figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua huvuta chumvi kutoka majini, kidogo kidogo, bila kupumzika. Ngozi, magamba na ule ute unaomfanya ateleze mkononi ndio ukuta wake.

Jeraha ni tundu katika ukuta huo. Maji yanaingia kwa wingi, chumvi inatoka, na nguvu ambazo samaki angezitumia kupambana na ugonjwa zinaishia katika kazi ya kuhimili maji. Ile pamba nyeupe mara nyingi ni ukungu wa majini, na hupenda kuota mahali ambapo ute umekwisha kufutika. Aghalabu sisi wenyewe ndio tumeufuta: kwa wavu wenye mafundo makali, kwa mikono mikavu, au kwa kumweka samaki kwenye nyasi wakati wa kumpima. Mikono ilowe kwanza, ndipo ishike samaki.

Hapa ndipo chumvi inapoingia. Ukiweka gramu 3 katika kila lita ya maji, unampunguzia samaki karibu theluthi ya mzigo wake, na vimelea vingi vidogo vya ngozini havipendi maji hayo. Kwa jerikeni ya lita 20 ni gramu 60, yaani vijiko vya mezani vitatu hadi vinne vilivyosawazishwa kwa kisu. Mama achukue beseni kubwa, alijaze maji safi yenye joto sawa na la bwawa, aliweke kivulini na alifunike kwa wavu, maana ngege anajua kuruka. Asimlishe siku ya kwanza. Abadilishe sehemu ya maji kila siku, akirudisha chumvi kwa kipimo kilekile. Samaki akilala ubavu au akihema kwa kasi baada ya kuingizwa, amrudishe mara moja kwenye maji yasiyo na chumvi. Jeraha dogo lina nafasi nzuri ya kufunga. Lile lililofika kwenye nyama ya ndani lina nafasi ndogo.

Lakini beseni linamtibu samaki mmoja tu. Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita moja lina lita 200,000, na kulitia gramu moja tu kwa lita kungehitaji kilo 200 za chumvi, magunia manne ya kilo 50. Kwa hiyo, wakati ngege wake akiwa kwenye beseni, mama arudi ukingoni na kuyasoma maji, kwa sababu samaki mmoja aliyejeruhiwa mara nyingi ni mjumbe wa wenzake.

Asome vifo kwanza. Akifa mmoja mwenye alama za kucha au mdomo, huenda ni kazi ya ndege au kenge. Wakifa wachache leo na wengi zaidi kesho, wakiwa na mabaka mekundu, macho yaliyotokeza au tumbo lililovimba, huo ni ugonjwa unaosambaa. Wakifa wengi kwa usiku mmoja, wakubwa wakitangulia, na kambare wa bwawa hilohilo wakabaki wazima, basi hewa imekwisha majini. Kambare ana kiungo maalumu cha kupumulia hewa ya juu, ngege hana.

Hewa iliyomo majini ni kidogo kuliko tunavyodhani. Lita moja ya hewa tunayovuta ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita ya maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8, na katika nyanda za juu kama Arua hubeba pungufu kidogo. Mchana mimea midogo inayoyapaka maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Jua likizama, mimea hiyohiyo huacha kuitengeneza na hubaki kuitumia tu, pamoja na samaki, na pamoja na bakteria wanaoozesha pumba na samadi iliyozidi. Kabla ya mapambazuko ndipo oksijeni huwa chini kabisa, na ndiyo maana ngege hupanda juu wakifungua vinywa alfajiri.

Kipimo cha maji hayo ya kijani ni mkono wa mama mwenyewe. Auzamishe hadi kwenye kiwiko. Ikiwa kiganja kimepotea machoni kabla kiwiko hakijagusa maji, na maji ni ya kijani na si ya tope, rutuba imezidi. Asimamishe chakula na samadi, aingize maji mapya yakianguka kutoka juu ili yavute hewa, na asilishe tena mpaka samaki waje kula kwa hamu.

Ugonjwa unaposambaa, wengi hukimbilia vidonge vya antibiotiki vya dukani, wakavifungua na kuvimwaga bwawani. Nawasihi wasifanye hivyo. Dawa aina ya tetrasaiklini hunaswa na madini ya maji na tope, na mwanga wa jua huiharibu. Kidogo kinachobaki hakimponyi samaki, bali huwafundisha bakteria kuishinda dawa. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu ngege na kambare wa Uganda ulikuta tayari bakteria wanaohimili dawa za jamii ya penisilini. Dawa ambayo bwawa limewazoesha bakteria ndiyo tutakayoitafuta siku mtoto atakapougua.

Na kuna maradhi yasiyo na dawa kabisa. Virusi vya ngege vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza Israel na kutangazwa 2014 viligunduliwa 2018 katika ngege wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Kinga iliyopo ni kujua vifaranga vimetoka wapi, kuvitenga kabla ya kuvichanganya na wengine, na kumwita afisa uvuvi mapema, samaki wangali hai, kwa sababu aliyeoza hawezi kupimwa.

Omugo si mahali pa kupuuza bwawa. Tangu 2017, makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini yalipofunguliwa hapo kama upanuzi wa Rhino Camp, vyungu vya kujazwa vimeongezeka. Samaki mia waliopotea alfajiri moja ni kitoweo cha familia nyingi.

Tumrudie yule wa kwenye beseni. Siku ya tatu, ikiwa pamba imepungua na anakuja juu kufuata punje ya chakula, mama aendelee naye hadi jeraha lifunge. Akiwa amelala chini, tumbo limevimba na magamba yamesimama, mama ampige mara moja kichwani, kwa nguvu, asiteseke, kisha amzike mbali na kijito pamoja na chokaa. Hilo nalo ni matunzo. Maji ya beseni ayamwage mbali na bwawa, aoshe wavu na kuuanika juani, na kesho, kabla jua halijachomoza, ashuke tena bondeni.